Shoo ya kwanza ya kijana wako: maswali ambayo wazazi wenzangu huniuliza kuhusu Sauti za Busara

Binti yangu alikuwa na miaka 14 nilipompeleka Ngome Kongwe, Unguja, kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, kusikiliza muziki wa laivu kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye nikampeleka mdogo wake wa kiume. Tangu hapo, kila Januari ikiingia, simu yangu haipumziki: mama wa mtoto anayesoma na wangu, shemeji yangu wa Mbagala, jirani wa hapa Tabata. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, kwa ajili ya mzazi anayefikiria kwenda mwaka huu na hajui aanzie wapi.

Kwa nini Sauti za Busara, na si shoo ya msanii anayempenda?

Kwanza, kwa sababu pale kila unachosikia kinapigwa palepale mbele yako. Tamasha lilianza Februari 2004, na msimamo wake tangu zamani ni muziki wa laivu: hakuna kupanda jukwaani na kuimba juu ya CD. Watoto wetu wamesikia nyimbo nyingi kuliko tulizosikia sisi tukiwa na umri wao, lakini zote zimewafikia kupitia simu. Wengi hawajawahi kumwona mpiga gitaa akikosea, akamtazama mwenzake, wakacheka, wakarudi kwenye mstari bila wimbo kusimama.

Binti yangu alikuwa akiisikia kanuni, ile ala ya nyuzi, kwenye nyimbo za taarabu za bibi yake tangu mdogo, na alikuwa akidhani ni sauti ya kinanda cha kompyuta. Siku ile akamwona mzee ameipakata, nyuzi zaidi ya sabini zimelala mapajani mwake, vidole viwili vya shahada vimevishwa pete zenye vijiti vya kuchokolea nyuzi. Vile vidole vilikuwa vinakwenda kama kuku wanaodonoa mtama. Mtoto alinyamaza wimbo mzima. Ulipokwisha akaniambia, "Mama, kumbe ni mtu." Nauli yote ya boti ilirudi hapo.

Pili, ni uwanja wenyewe. Ngome ile ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kumtoa Mreno. Ina kuta nene, ina mlango unaolindwa, na ndani kuna ngazi za mawe ambapo mtu anaweza kukaa na watoto wake akaona jukwaa. Utakuta bibi na wajukuu, utakuta wanafunzi wa muziki na walimu wao. Linganisha na shoo nyingi za mjini kwetu, ambazo yule msanii aliyeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango hupanda saa nane usiku. Mtoto wa miaka 14 saa hizo analala begani mwako, na kesho hakumbuki kitu.

Msanii anayempenda utampeleka tu, siku moja. Ila ya kwanza iwe ya kumfundisha sikio.

Aanze akiwa na umri gani?

Kwangu 13 au 14. Chini ya hapo anaweza kwenda mapema jioni na kuondoka mapema. Mimi huangalia mambo mawili: akipotezana nawe Kariakoo, anajua la kufanya? Na mtu akimfanyia jambo la ovyo, huwa anakuja kukwambia? Kama yote mawili ni ndiyo, yuko tayari. Kama la pili ni hapana, anza kulishughulikia hilo nyumbani kabla ya tiketi.

Sheria inasemaje?

Bara na Visiwani, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na baa na klabu za usiku si mahali pake. Kenya nako, sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inawafungia walio chini ya miaka 18 sehemu zinazouza pombe. Tamasha la wazi lina utaratibu wake, kwa hiyo soma masharti ya tiketi kabla hujalipa. Yataeleza umri unaoruhusiwa na kama mtoto lazima awe na mtu mzima.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Bendi zetu za dansi, Msondo Ngoma yenye mizizi ya NUTA Jazz ya mwaka 1964, na Sikinde iliyoanza 1978, sehemu kubwa ya kazi zao ziko kwenye baa. Mtoto haruhusiwi kuingia, na ni haki asiruhusiwe. Lakini matokeo yake anaweza kufika miaka 18 Dar es Salaam hiihii bila kuona safu ya matarumbeta ikisimama kwa pamoja hata mara moja. Wazee wetu walikuwa na bugi, dansi la mchana la vijana, mtu anarudi nyumbani kabla ya magharibi. Natamani lirudi.

Tiketi ninunueje?

Nunua mapema, kwa waandaaji wenyewe au kwa wakala waliyemtangaza. Bei ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni, hivyo utatakiwa kuonyesha kitambulisho. Beba chako cha NIDA, na cha mtoto cha shule au nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Na usimwahidi mtoto kabla hujathibitisha kwamba tamasha lipo. Hufanyika wikendi moja ya Februari, lakini mwaka 2016 halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha. Mtoto hukumbuka ahadi.

Kuhusu tiketi za mkononi nje ya geti: msinunue. Mwaka mmoja hapa Dar, kwenye shoo nyingine kabisa, nilinunua mbili kwa kijana aliyevaa kitambulisho shingoni. Tulipofika getini mashine ikakataa. Mwanangu alisimama pale na fulana yake mpya, watu wanatupita wanaingia, tunasikia ngoma zinaanza kwa ndani. Fedha niliisahau baada ya mwezi. Uso wake sijausahau.

Tusafirije, na tulale wapi?

Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili. Boti za kasi za kurudi huisha alasiri, na muziki mkubwa ni usiku, kwa hiyo hamwezi kwenda na kurudi siku moja. Panga kulala. Februari nyumba za wageni za Mji Mkongwe hujaa, nasi kwa kawaida hulala kwa ndugu Ng'ambo, mitaa iliyo jirani na Mji Mkongwe. Kama una shangazi au binamu Unguja, mpigie simu Desemba, si siku mbili kabla.

Kutoka bandarini Malindi hadi Forodhani, ilipo Ngome, ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Februari ni kaskazi, bahari inaweza kuchafuka. Mtoto anayetapika kwenye gari akae nyuma, sehemu ya chini, asiangalie simu.

Masikio yake yatadhurika?

Yanaweza. Ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawaniulizi, ndiyo maana nalijibu kwa kirefu kuliko mengine.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, wanasema sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Endelea kukata hivyo hivyo na ukifika 100 umebaki na dakika 15. Na mbele ya spika za tamasha, 100 ni kitu cha kawaida. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kiwango chake kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, watazamaji wapatiwe vizibo vya masikio, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzika. Hiyo 100 ndiyo dari, na sikio la mtoto lisiende kuishi darini usiku mzima.

Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinywele vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Mtu akitoka kwenye shoo masikio yanalia wiii, hiyo ni dalili kwamba zimeumia. Mara nyingi mlio huondoka baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, lakini ukirudiarudia huacha hasara. Vijana wetu tayari wanashinda na visikilizio masikioni, kwa hiyo wanafika kwenye tamasha wakiwa na deni.

Tunafanyaje? Vizibo vya sponji. Hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa na yale yanayouza vifaa vya usalama kazini. Pamba ya kawaida haisaidii, sauti hupita. Kukivaa kuna namna yake, na wengi hukibandika tu mlangoni mwa sikio kikadondoka. Kifikiche kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama kijiti cha kiberiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke. Kiingize, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika huku kikivimba. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa kama unaongea ndani ya mtungi, kimekaa. Mfanyie mazoezi nyumbani siku tatu kabla, redio ikiwa juu.

Mwanangu wa kiume aligoma, akasema ataonekana mtoto. Sikubishana naye. Nilimwonyesha fundi mitambo, yule anayesimama katikati ya uwanja kwenye meza yenye vifungo vingi, na nikamwomba amtazame masikioni kila akinyanyuka. Alikuwa na vizibo vinaning'inia shingoni kwa uzi. Mtoto akavaa vyake bila neno.

Lingine ni umbali. Kwenye uwanja wa wazi, ukiwa mara mbili mbali zaidi na spika, sauti hupungua kama desibeli 6, na umeona hapo juu maana ya kila desibeli 3. Simameni karibu na yule fundi. Pale ndipo sauti husikika vizuri kuliko popote, kwa sababu yeye anaipanga kwa masikio yake akiwa hapohapo. Kila baada ya bendi moja, tokeni kidogo mkapunge upepo.

Msongamano je? Tunasikia watu wanakufa kwenye matamasha.

Wamekufa, kweli. Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld huko Houston, Marekani, watu 10 walikufa kwa kubanwa, na mdogo kabisa alikuwa na miaka 9. Alikuwa mabegani mwa baba yake. Kwa hiyo tusiwafiche watoto, tuwaambie namna inavyotokea. Mara nyingi anayekufa kwenye msongamano hakukanyagwa. Amebanwa kifua akiwa amesimama, akashindwa kuvuta pumzi.

Mfundishe kusoma umati. Kama anaweza kugeuka mzima mzima bila kugusa mtu, yuko salama. Akianza kuguswa bega pande zote mbili, huo ndio wakati wa kuondoka, wakati bado inawezekana. Umati ukianza kwenda kama wimbi na miguu yake inafuata bila yeye kutaka, amechelewa: akunje mikono mbele ya kifua kama bondia ili apate nafasi ya kupumua, asipambane na wimbi, na kila linapotulia asogee upande, kimshazari, hadi pembeni. Simu ikianguka, aiache. Usimbebe mtoto mabegani kwenye umati, hata mdogo.

Ngome Kongwe sijawahi kuona kufikia huko. Lakini anachojifunza hapo atakitumia uwanja wa mpira, kwenye mkutano, stendi ya mabasi siku ya sikukuu.

Nina binti. Nahofia kushikwashikwa.

Una haki ya kuhofia. Sema naye waziwazi kabla, kwa maneno halisi. Mwambie: mtu akikugusa na hukutaka, si lazima uwe na adabu kwake. Piga kelele, ondoka, njoo kwangu, na mimi sitakuuliza ulikuwa umevaa nini wala ulikuwa unafanya nini pale. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomfanya aje.

Na mwenye mtoto wa kiume asiruke swali hili. Wangu nilimwambia mambo mawili: kwamba yeye pia anaweza kuguswa na akaja kuniambia, na kwamba mkono wake hauendi kwa mtu yeyote kwenye giza lile. Namba ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya pia, na haitozi. Iwe kwenye simu yake.

Kinywaji: kifunguliwe mbele yake, asikiweke chini, asipokee cha mtu.

Avae nini?

Nguo nyepesi, joto la Februari Unguja si mchezo hata usiku. Viatu vya kufunika vidole, kwa sababu watu watamkanyaga na mawe ya Ngome yana mashimo. Mji Mkongwe ni mji wa Waislamu na watu wanaishi humo: mabega na magoti yafunikwe anapopita mitaani. Binti yangu hubeba kanga moja. Huwa stara njiani, mkeka kwenye ngazi za mawe, na shuka ya kujifunika alfajiri kwenye boti.

Tule wapi?

Forodhani, hatua chache kutoka mlango wa Ngome. Jua likizama wapishi wanawasha taa zao: urojo, mishikaki, chapati za Zanzibar zilizojazwa nyama na yai, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla ya kushika sahani. Vyakula vya baharini chagua vile vinavyochomwa mbele yako. Mle kabla ya kuingia, na kila mtu anywe maji ya kutosha.

Babu yake hataki. Anasema muziki wa usiku si malezi.

Usimpeleke kwa siri. Nimeona familia ikikorogeka kwa mwaka mzima kwa sababu ya picha moja iliyowekwa kwenye hali ya WhatsApp.

Kaa naye, msikilize mpaka mwisho. Baba mkwe wangu ni mtu wa msikitini, na hofu yake ilikuwa tatu: ulevi, mavazi, na mtoto kurudi usiku wa manane. Zote ni za haki. Nilimweleza tutakaa wapi, tutaondoka saa ngapi, na kwamba sala haitapitwa, misikiti iko kila kona pale. Kisha nikamuuliza kuhusu taarabu aliyoisikiliza ujanani. Akaanza kunisimulia Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905 na bado kipo, jinsi watu walivyokaa kimya kusikiliza, wamevaa kanzu zilizonyooka. Nikamwambia ndiyo hiyo ninayotaka mjukuu wake aione. Hakusema ndiyo. Alisema, "Mrudi mapema," na kwa mzee yule hiyo ni ndiyo.

Kama bado anakataa kwa sababu ya dini, heshimu. Si kila nyumba itakwenda, na mtoto hatapungukiwa na mapenzi kwa hilo.

Nikae naye, au nimwache na wenzake?

Swali hili ndilo gumu, na nimelijibu vibaya kabla ya kulijibu vizuri. Mwaka wa kwanza nilimganda. Nilimshika mkono, nilimwelekeza atazame wapi, nilimweleza kila ala. Baada ya bendi ya pili akaniambia kwa upole, "Mama, sisikii." Nilidhani anasema sauti ni ndogo. Kumbe alikuwa anasema mimi naongea.

Sasa nafanya hivi. Usiku wa kwanza tunakaa pamoja mpaka ajue milango iko wapi, vyoo viko wapi, hema la huduma ya kwanza liko wapi. Tunachagua mahali pa kukutana, na kwetu ni mlango mkuu wa Ngome. Jengo la jirani, Beit al-Ajaib, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo usimwambie akungojee chini ya kuta zake. Halafu anakwenda na binamu zake, wasiopungua wawili, na kila bendi ikishuka anarudi nilipo. Mtandao ukizidiwa na watu, simu hazipiti lakini ujumbe mfupi wa kawaida mara nyingi hupita. Namba yangu imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya mkono wake, endapo simu itaisha chaji.

Nikiwa peke yangu pale kwenye ngazi nampa kitu ambacho siwezi kumpa nikiwa ubavuni mwake: nafasi ya kupenda wimbo bila kuangalia kama mimi nimeupenda.

Nyimbo zikiwa na maneno mazito?

Hutaziba kila neno. Taarabu nayo ina mafumbo ambayo ukiyafumbua mezani watu watashusha macho. Mwache aulize, umjibu ukweli kwa kiasi cha umri wake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba unyago na taarabu mpaka uzeeni, ngoma ya msondo ameifunga kiunoni kwa kanga. Nyimbo zile zilikuwa darasa la wasichana. Kilichowafundisha hakikuwa kuficha.

Kutunza ni nini, na je, mtoto anaweza?

Kwenye taarabu, msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kwa mwendo wa madaha na noti mkononi, akampa mwimbaji. Ndiko kutunza. Anaweza, na ningependa kila mtoto afanye hivyo mara moja katika maisha yake, pale bendi inaporuhusu watu kusogea.

Binti yangu alikaa na noti ya elfu mbili kiganjani nyimbo tatu, ameikunja mpaka imelowa jasho. Wa nne akaenda. Nilimwona anapanda, amefinya midomo kama anaingia chumba cha mtihani. Mwimbaji alikuwa katikati ya kiitikio. Aliipokea, hakuacha kuimba, akamshika kidevu na kumwimbia mstari mzima usoni. Aliporudi mikono ilikuwa inatetemeka. Aliniambia, "Pumzi yake ina iliki." Hicho hakiko kwenye simu yoyote.

Arekodi, asirekodi?

Tunakubaliana: wimbo mmoja kwa kila bendi, kisha simu inaingia mfukoni. Mwangaza wa simu iliyoinuliwa unamsumbua mtu wa nyuma, na chaji anaihitaji kunitafuta.

Mtoto wangu ana pumu / kifafa / hapendi kelele.

Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililobaki kwa shangazi, kwani vumbi na moshi vipo. Mwenye kifafa, uliza daktari wake kuhusu taa zinazomwekamweka kabla hujanunua tiketi. Mtoto anayezidiwa na kelele, mleteni mapema jioni, mkae pembeni karibu na njia ya kutokea, na kuondoka baada ya nusu saa kusihesabiwe kushindwa.

Tuondoke saa ngapi?

Kabla hajachoka. Usiku wa kwanza, bendi tatu zinatosha. Atalalamika, na ndivyo inavyotakiwa: afadhali alale anataka ya nne kuliko alale ameshiba hadi kukinai. Njia ya kurudi muijue mchana, maana vichochoro vya Mji Mkongwe usiku vinafanana vyote.

Sina nauli ya Zanzibar.

Basi usiende Zanzibar. Bagamoyo, taasisi ya TaSUBa huandaa tamasha lake la sanaa na utamaduni, lenye maonyesho ya mchana na watoto wa mji ule wamejaa mbele. Nafasi Art Space, Mikocheni, nako huwa na siku za wazi. Vituo vya Alliance Française, Dar na Nairobi, huandaa maonyesho ya muziki ambayo huanza mapema jioni. Na karibu zaidi ya hapo: kwaya ya kanisa lenye bendi yake, tarumbeta za harusi mtaani, kikundi cha maulidi ya homu. Msogeze mtoto karibu na mpigaji. Mwambie atazame mikono.

Kesho yake nimuulize nini?

Kwanza masikio: yanalia? Yamezibwa? Kama mlio haujaondoka baada ya siku mbili, mpeleke hospitali kwenye kitengo cha masikio, pua na koo.

Halafu usimuulize kama amefurahi, atasema "ndiyo" na kurudi kwenye simu. Mimi, tukiwa kwenye boti, nilimuuliza binti yangu angekuwa mle jukwaani angepiga nini. "Kanuni," akajibu kabla sijamaliza swali. Nikamwambia Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kimefundisha vijana tangu 2002, na wasichana wa Siti & The Band wametokea humo. Akauliza ada. Sikuwa na jibu, nikamwambia tutauliza. Alivua kizibo kimoja alichokuwa amekisahau sikioni tangu usiku, akakiweka kwenye kiganja changu, akageuka kutazama maji.